Ramu Iliyopigwa Tupa

Mtaani walimwita Fundi Najua, na si kwa heshima. Ulikuwa hujamaliza kusema, yeye keshajua. Alianza na redio, redio zilipokosa wenyewe akahamia kwenye kompyuta bila kufundishwa na mtu.

Siku hiyo mchana dada yake mkubwa, mchapaji, aliingia kibandani na kompyuta yake kaikumbatia kama mtoto mwenye homa. Mitihani ya shule nzima ilikuwa humo, na mwalimu mkuu aliitaka kesho asubuhi. Akichelewa kazi inahama, na hana nyingine. Mashine nayo, ukifungua kurasa mbili tu, inaganda.

Hapo fundi hakukosea, tuseme ukweli. Alimweleza dada kwamba diski ni kabati, ukiweka kitu kinakaa hata umeme ukikatika. Ramu, kile kibao cha kumbukumbu ya muda, ni meza ya kufanyia kazi. Kabati lake lina nafasi tele, meza ndiyo ndogo. Basi akaenda kununua ramu.

Muuza vipuri alimwambia ramu si za aina moja, mpya na ya zamani hazikai pamoja. Akamtaka alete ile ya ndani ya mashine, walinganishe pengo lililo chini yake. Fundi akajibu anajua, akachukua mpya kuliko zote.

Haikuingia. Jino la kwenye bodi liko huku, pengo la ramu liko kule. Dukani ni hatua mia tu, lakini arudi na uso gani? Bwana mkubwa akatoa tupa, akaanza kuisaga ramu kama anachonga ufunguo.

"Mdogo wangu, hicho kitu kinapigwa tupa?"

"Dada, tulia. Najua."

Akakandamiza kwa dole gumba, akawasha. Ikalia pa, ikanuka plastiki iliyoungua, kioo kikabaki cheusi.

Dada hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja tu, kama na kabati limeungua.

Fundi akaiweka tupa chini. "Sijui, dada."

Dada wa watu akamwamuru aichomoe diski. Akaifunga kwenye kitambaa cha kichwani, akavuka barabara kwa yule fundi kijana ambaye Fundi Najua humcheka kila siku. Kijana akaichomeka kwenye mashine yake, na mitihani yote ikatokea. Jioni ikawa imeshachapwa.

Fundi aliyaona yote kutoka mlangoni, ramu iliyosagwa kaishika mkononi. Kesho yake dada alipita na karatasi zake akielekea shuleni. Hakugeuza shingo. Mpaka leo hajageuza, na amefanya vizuri.