Kidole cha Arot

Iko siku moja, mwanangu, ambayo sijaisahau na sidhani nitaisahau. Ni siku ambayo mdogo wangu Arot alirudi nyumbani Lodwar kutoka ofisi ya vitambulisho, akaketi kwenye mkeka bila kuvua viatu, akasema ameambiwa kwamba yeye si Mkenya.

Wakati huo nilikuwa bado kijana, nafundisha chekechea, ndoa yangu changa. Arot alikuwa amemaliza kidato cha nne na kuitwa chuo cha uuguzi papa hapa Lodwar. Kilichobaki kilikuwa kitambulisho tu, maana bila hicho chuo hakingemwandikisha. Asubuhi alikuwa ametoka na nywele zimesukwa vizuri, amevaa blauzi yangu ya kanisani. Alikuwa anacheka alipokuwa anatoka, nakumbuka hilo pia.

Alitueleza kwamba karani alimwambia aweke kidole kwenye kile kimashine chenye taa. Akaweka. Karani akatazama kompyuta, akamtaka aweke tena, kisha akamwuliza alikuja lini kutoka Sudan. Arot alidhani anataniwa. Karani akamwambia kidole chake tayari kimo katika orodha ya wakimbizi wa kambi ya Kakuma, na mkimbizi hapewi kitambulisho cha raia. Akamwita mtu aliyefuata.

Wewe umezaliwa wakati kila mtu ana simu mfukoni, kwa hiyo huenda usielewe maneno hayo yalivyotuangukia. Kwetu siku zile kompyuta ilikuwa kitu cha ofisini, na neno lililotoka ndani yake halikubishiwa. Chifu aliweza kukosea. Daktari aliweza kukosea. Lakini jambo likishatoka kwenye kompyuta, watu wazima walinyamaza. Baba yetu, mtu aliyepitisha mifugo yake njia ya Kainuk wakati wa risasi bila kubabaika, alisema labda tungoje, serikali itakuwa na sababu yake. Majirani wakaanza kumtazama Arot kwa jicho jingine. Lakini kilichoniuma zaidi ni Arot mwenyewe. Jioni ile, tukiwa tunachambua mchele, aliniuliza kwa sauti ya chini kama mama alimwokota mahali. Mama yetu alikuwa ameshafariki. Hakuwepo wa kumjibu.

Aliyetutikisa ni shangazi Napeyok, dada yake baba. Yeye aliishi mjini Kakuma, na habari zilipomfikia alipanda lori akaja. Tulimsalimu, akaitikia ejok, salamu yetu, mara moja tu, akakataa chai, akataka asimuliwe. Alipokwisha kusikiliza alimwambia baba, bila kupandisha sauti:

"Huyu mtoto alizaliwa njiani tukihama na mbuzi. Mimi ndiye niliyempokea kwa mikono hii, na ndiyo sababu mkamwita Arot, jina la njia. Hiyo mashine ilikuwa imesimama wapi siku hiyo?"

Baba alitazama chini. Shangazi akanigeukia mimi.

"Na wewe, Akai, unayefundisha watoto wa watu kusoma. Hiyo kompyuta umeisoma mwenyewe, au umesomewa?"

Nilikuwa nimemwonea huruma mdogo wangu, nimempikia, nimelia naye. Lakini kwenda kuona kwa macho yangu kilichoandikwa, wazo hilo halikunijia hata kidogo.

Kesho yake nilimshika Arot mkono tukaenda pamoja. Karani alikuwa kijana kutoka bara, mwenye macho ya uchovu, na watu walikuwa wamejaa hadi nje juani. Nisikufiche, nilikuwa nimejiandaa kugombana. Nilipomwona jinsi alivyokuwa anajifuta jasho, nikabadili nia. Nilimwomba tu anieleze kompyuta inasema nini hasa.

"Madam, sistimu ndiyo imekataa," akasema.

Nikamwambia nimesikia kwamba imekataa, ila nataka kujua imesema maneno gani. Nikasimama pale pale. Watu wa nyuma walianza kunung'unika, nami sikusogea. Mwishowe akaigeuza ile skrini ili nione. Nikasoma polepole, kama ninavyowafundisha watoto wangu wa chekechea, kwa kidole. Palikuwa na alama ya kidole cha mtoto, iliyochukuliwa Kakuma miaka mingi nyuma, ikiwa chini ya familia ya mama mmoja aitwaye Achol. Alama hiyo ililingana na ya Arot. Basi. Mahali pa kuzaliwa pale palikuwa patupu. Majina ya wazazi wa kumzaa hayakuwepo.

"Hapa hapajaandikwa kwamba alizaliwa Sudan," nikamwambia.

"Hapajaandikwa," akakubali. "Lakini mwenye kidole kule kambini ni mkimbizi."

"Hilo limesemwa na mashine, au na nyinyi?"

Alifikiri kidogo. Namheshimu kijana yule hadi leo kwa sababu alifikiri. "Ni sisi," akasema. "Ndivyo tulivyoelekezwa."

Kisha akatwambia, kwa upole kuliko mwanzo, kwamba iko kamati inayosikiliza mambo kama haya, na kwamba tulete wazee wanaomjua binti, pamoja na mtu yeyote anayejua kidole chake kilifikaje kambini.

Hapo nikupumzishe kidogo, mwanangu, maana hapa ndipo penye kiini. Mashine ile haikudanganya. Ilijua jambo moja dogo, kwamba kidole hiki kiliwahi kuguswa mahali fulani. Watu ndio walioongeza hayo mengine, kisha wakayasema yote kwa sauti ya mashine, na sisi tukayapokea yote kwa pamoja bila kuyachambua. Hata mchele wa jioni ile tuliuchambua.

Tulipomtajia shangazi jina la Achol, alifumba macho. Akasema basi anajua, ila hakuwahi kufikiri kwamba hesabu ya chakula ya miaka ile ingefika kwenye kompyuta.

Ulikuwa mwaka wa ukame, mbuzi wetu wamekwisha, na baba alimpeleka Arot kwa shangazi Kakuma akiwa mtoto mdogo, wala sisi wa nyumbani hatukujua kwamba kule aliingia kambini. Shangazi naye hakuwa na kitu. Aliishi kwa kupeleka kuni kambini, na mmoja wa wanunuzi wake alikuwa mama wa Sudan Kusini mwenye mabinti wadogo. Walianza kwa Kiarabu cha Juba kidogo na Kiswahili cha kuokoteza, wakaishia kuwa marafiki. Arot akawa anashinda kwa Mama Achol, akicheza na wale mabinti na kula nao. Siku ya kuhesabu familia ilipofika, watoto walipangwa mstari, na Mama Achol akamsimamisha Arot katikati ya mabinti zake. Anayekula chungu changu ahesabiwe na chungu changu, ndivyo alivyowaza. Shangazi aliona, akanyamaza, kwa sababu mtoto alikuwa anaanza kunenepa. Arot mwenyewe alikumbuka tu wino na kikombe cha uji.

Tulikwenda Kakuma sisi watatu. Mama Achol alitukaribisha chini ya kivuli cha turubai, akatupa chai yenye tangawizi, akamshika Arot mashavu na kumsifu kwa kukua. Shangazi alipomweleza yaliyotokea, yule mama aliweka kikombe chini na uso wake ukakunjamana.

"Hii maneno ni ngumu, dada yangu," akasema. "Mimi nikisema, wao watasema Achol ni mwongo. Kadi ya chakula watafunga. Na faili ya sisi kwenda ng'ambo iko kwa meza yao."

Alikuwa anasema kweli. Usidhani alikuwa mchoyo. Mabinti zake walikuwa wamesimama mlangoni wakisikiliza, na walikuwa wameingoja safari hiyo muda mrefu kuliko Arot alivyongoja chuo. Shangazi hakumbembeleza. Alimwambia tu kwamba hatasimama peke yake, kwamba yeye Napeyok naye atasema aliona na akanyamaza. Arot akasema, "Mama, kama utaumia, acha. Nitatafuta njia nyingine." Njia nyingine haikuwepo, sote tulijua.

Tukalala kwa shangazi, tukakaa, siku zikapita bila jibu. Jumapili, watu walipotoka kanisani, tulimwona Mama Achol akivuka mto mkavu unaotenga kambi na mji, amevaa nguo yake ya ibada, mabinti zake nyuma yake. Hakuketi.

"Mimi nilimpa chakula ili aishi," akasema. "Sasa maisha yake ifungwe kwa sababu ya chakula yangu? Hapana. Mungu ananiona. Twende."

Mbele ya kamati alisema yote. Shangazi akasema yake. Wazee wa kwetu wakataja ukoo wa Arot hadi alama tunazoweka kwenye mifugo yetu. Ofisa mmoja alimwuliza Mama Achol kama alijua kwamba alivunja sheria. Alijibu kwamba siku ile alichojua ni kwamba mtoto ana njaa. Yule ofisa aliandika kwa muda mrefu, hakumwuliza tena.

Haikuisha siku ile, mwanangu. Mambo ya kufuta jina kwenye mashine huchukua muda mrefu kuliko kuliandika. Arot alikosa nafasi ya chuo mwaka ule. Alinisaidia chekechea, na kila wiki alikwenda ofisini kuuliza, hata yule karani akawa anamwita kwa jina lake. Siku nyingine alirudi hataki kula. Nikawa namwambia kesho tena, na kesho akaenda. Kadi ya Mama Achol kweli ilifungwa, na msimu mzima shangazi na wanawake wenzake walimpelekea maziwa na kuni kwa zamu bila kuulizwa. Jina la Arot likaja kutolewa kwenye orodha ya wakimbizi. Kitambulisho kikaja. Chuo kikampokea mwaka uliofuata. Kadi ya Mama Achol ilifunguliwa baadaye, lakini safari ya ng'ambo haikutokea, na hakuna aliyewahi kumweleza kama ni kwa sababu yetu au la. Sasa yuko Kalobeyei, karibu na Kakuma, na duka lake dogo. Arot ni muuguzi, na ndiye aliyemzalisha binti wa pili wa Mama Achol.

Nimekusimulia haya kwa sababu juzi umeniambia kuna watu stendi wanaopiga picha macho na nyuso za vijana, na anayekubali anapewa bando ya simu. Umeniambia rafiki zako wamekwenda. Nilipokuuliza picha hizo zinapelekwa wapi, ulicheka, ukasema Mama, ni picha tu. Chetu nacho kilikuwa kidole tu.

Sikufundishi kuogopa mashine. Arot leo anaandika chanjo za watoto kwenye kishikwambi, na mtoto akihamia Lokichogio wauguzi wa huko wanajua amechanjwa nini. Hilo ni jema, na ningependa kila mtoto wa hapa alipate. Ninachokukataza ni kukubali kabla ya kusoma. Mtu akikuomba kidole, jicho, uso au jina lako, mwulize anakitaka cha nini, nani mwingine atakiona, na ukitaka kukitoa baadaye utamwendea nani. Asipoweza kukujibu kwa lugha unayoielewa, ondoka, hata kama wenzako wote wamebaki kwenye foleni. Bando itakwisha kabla ya Jumamosi, na jicho lako litabaki kwao.

Na simu yako ikikuletea habari, au ile programu yako inayojibu kila swali ikikuambia jambo kuhusu watu wa Turkana, au kuhusu wakimbizi, au kuhusu wewe mwenyewe, fanya kama shangazi alivyonifunza. Tafuta kile inachokijua hasa. Ukikipata, tazama ni nani aliyeongeza hayo mengine, na walio ndani ya habari hiyo waliulizwa au hawakuulizwa. Siku nyingine utakuta ni kweli tupu, uikubali bila kinyongo. Siku nyingine utakuta mahali pa kuzaliwa ni patupu. Hapo simama, na watu wa nyuma yako wakinung'unika usisogee.

Tena usisimame kwa ajili yako peke yako. Wako waliopata shida kama ya Arot wakageukia mlangoni, kwa sababu hawakuwa na mtu wa kuwasomea skrini wala mama wa kuvuka mto kwa ajili yao. Wewe umesoma. Ukimwona mtu ameambiwa kwamba sistimu imemkataa, nenda naye.

Akuj, Mungu wetu, akutangulie popote mguu wako unapokanyaga. Akupe macho ya kuona na subira ya kuuliza mara ya pili. Jina lako liandikwe sawasawa kila linapoandikwa, na pale litakapokosewa, akupe watu wa kukushuhudia. Uwe na maji, uwe na maziwa, uwe na amani. Nenda, mwanangu.