Ng'ombe wa Mzee Wambura Bondeni

Kuna siku moja nikiikumbuka, mwanangu, kichwa bado kinanizunguka. Nilikuwa kijana, nimetoka tohara juzi juzi, najiona mwanaume kamili. Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, alikuwa anakuja Nyambureti kufungua mnada. Mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu, akanipa kamba ya katani. "Funga barabara. Gari lake lisikute hata mbuzi." Nikafunga, mti huku na mti huku. Kamba nzuri ile, siku hizi hazipo.

Akaja mzee Wambura kutoka Natta, na wanawe, wanaswaga ng'ombe wa mahari kuwapelekea wakwe.

"Shikamoo baba. Hapa hapapitiki."

"Marahaba. Sasa niruke kama kanga?"

Nikamwonyesha njia ya bondeni, nyuma ya vilima. "Ila harakisha baba, mgeni asikuone."

Akaharakisha.

Wewe umezaliwa trafiki wapo, labda hutaelewa. Kwetu mtu mwenye ng'ombe wake alipita barabara kuu, mchana, akisalimia watu. Ng'ombe wakikimbizwa bondeni na watu wasiojulikana, hao wameibiwa. Hakuna aliyeuliza mara mbili.

Mara nikasikia yowe. Likadakwa kilima hata kilima. Waliokuwa wamejipanga kumwimbia mgeni wakaacha wimbo katikati, wakakamata mikuki na pinde. Na mimi? Sitakuficha. Nikaacha kazi, nikachukua mkuki, nikakimbia nao, napiga kelele, "Wezi! Wezi!" Nimeshavuka kijito ndipo nikajiuliza: wezi gani, na mbona wamepita kulekule nilikomwelekeza yule mzee?

Tukamkuta Wambura amezungukwa, wanawe wamelala kifudifudi, mishale imeshavutwa.

"Nimepitishwa huku! Kuna kijana mwenye kamba!"

"Kamba ya kuswagia ng'ombe zetu?" wakamcheka.

Nikajitupa mbele yake. "Ni mimi! Mimi ndiye nimemleta huku!"

"Kumbe hata wewe mwenzao!" Mkuki ukahamia kifuani kwangu. Wale wale niliokimbia nao! Hapo, mwanangu, hata mimi sikujua tena niko upande gani.

Aliyetuokoa ni bibi Bhoke, mama yake mwanangwa, alikuwa akipalilia shamba lake la wimbi hapo karibu. Akaja na jembe lake, akasimama katikati yetu.

"Shusheni hizo. Kijana huyu alipewa kamba na mwanangu mwenyewe. Wewe kijana, ulipompitisha huku, ulimtuma nani aje atuambie?"

"Sikumtuma mtu, bibi."

"Sasa tungejuaje? Tuote?"

Mishale ikashuka mmoja mmoja. Wambura akakaa chini katikati ya ng'ombe wake, mtu mzima yule.

Bwana Shauri, nasikia, alikuta mnadani mbwa tu. Nani alipiga yowe la kwanza sijui mpaka leo. Wengine wanasema ni mwanangwa mwenyewe.

Basi, mwanangu, kesho na wewe utapewa kazi ya kufunga barabara, iwe harusi, iwe mwenge, iwe mkutano. Usianze na pale unapofunga. Anza na kule utakakowapitishia watu. Nenda kwa miguu yako, nyumba kwa nyumba, sema nani atapita na kwa nini. Na asiye wa pale mpe mwenyeji atembee naye. Mkubwa akichelewa atakasirika, halafu atakula, atasahau. Aliyechomwa mkuki humrudishi.

Mungu akutangulie njiani. Na siku utakapopita pasipo kwenu, akuwekee hapo mtu wa kusema, "Huyu namjua, mwacheni apite."