Picha ya Ziwa na Gari la Shemeji

Jamani, mkasa huu huwa siusimulii mbele ya watu wa Lundo kule ziwani, maana wapo ambao bado wananikumbuka, na mke wangu akinisikia naanza tu hutoka nje akacheke peke yake. Lakini leo nasema, aibu yenyewe imeshazeeka.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya ruksa, biashara imefunguliwa, maduka ya Mbinga yameanza kujaa vitu, nami nikapata kamera, basi kazi ikawa kupiga picha milima (watu wananiuliza, "Milima nayo inataka picha?" nacheka tu). Mwezi wa tano, mvua zimekatika na hewa imetakata, Damas, mume wa dada yangu, akasema anashuka ziwani na pikapu yake kwenye harusi ya mdogo wake, nikadandia. Mbele alikaa yeye na bibi yake, Bibi Koleta, kikongwe wa kubebwa kama yai. Nyuma tukakaa mimi, dada, shangazi wawili na kuku wa harusi.

Kwenye kilima cha mwisho kabla ya Lundo ziwa likajitokeza lote, na milima ya Malawi ng'ambo inaonekana mpaka mikunjo yake. Nikagonga bati: "Shemeji, simama kidogo tu!" Akasimama. Breki ya mkono ilikuwa imekufa siku nyingi, kwa hiyo akaweka jiwe mbele ya tairi, akaingia kichakani kujisaidia, kina mama wakashuka kunyoosha miguu, Bibi akabaki ndani amesinzia.

Sasa mimi nikiangalia, matete yananizibia ziwa. Nikatafuta kitu cha kupandia. Nikaona jiwe zuri, bapa, na haki ya Mungu sikuwaza hata kidogo limewekwa pale na nani. Lilikuwa limekaza, nikalipiga kisigino likachomoka (gari likatulia, halikusema kitu), nikalibeba hadi ukingoni, nikapanda, nikafumba jicho moja.

Kwenye kidirisha cha kamera naona ziwa, naona milima, mara naona pikapu inaingia taratibu kwenye picha yangu. Nikakasirika kabisa. Huyu Damas hawezi kusubiri? Halafu nikamwona Damas anatoka kichakani, anafunga mkanda.

Gari linakwenda. Ndani yupo Bibi peke yake.

Nilipiga ukelele, shangazi wakashika vichwa, dada akaita "Mama yangu weee!", pikapu ikaacha barabara, ikaingia shamba la muhogo ikilaza miti, kuku wanaruka mmoja mmoja, ikagonga kichuguu ikanyamaza. Nilikimbia. Nilishajiona naingia harusini na maiti. Nikafungua mlango, Bibi amekaa wima, macho yamemtoka, kilemba kimemshukia puani, na mdomoni mwangu hakikutoka kingine ila, "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba," akasema. "Tumefika?"

Dada akaangua kilio. Damas hakulia, alikuwa anatazama tairi, halafu lile jiwe kule ukingoni.

"Nani katoa jiwe?" akauliza (na mimi, mtu mzima, nikageuka kutazama nyuma yangu).

Bibi alipoelezwa akashuka, akagoma. "Chombo hicho sipandi tena. Huyu aliyetaka kuniua ndiye atanibeba."

Nikainama. Tukashuka hivyo hadi uwanja wa harusi, yeye mgongoni, mimi jasho na vumbi, na wenyeji wakadhani ndiyo mila yetu Wamatengo wa milimani kumleta hivyo bibi wa bwana harusi, wakatupokea kwa vigelegele, kwaya ikapandisha sauti, nami (sijui nilikuwa nawaza nini) nikaanza kucheza. Kofi la kisogo likanishukia kutoka mgongoni.

"Usicheze! Waambie ulichofanya!"

Nikawaambia. Bwana harusi akaja taratibu, akanivua kamera shingoni, akampa mtu mwingine apige picha, na katika picha zote za harusi ile mimi simo hata moja.

Tangu siku hiyo, nikitaka kupiga picha ya ziwa, nashuka kwa miguu.