Mfuniko wa Ndoo ya Kahawa

Wiki iliyopita niliingia duka la vyombo pale Mirongo kutafuta ndoo ndogo ya kuwekea kahawa za kutafuna, zile buni zilizokaushwa. Dada muuzaji alinitolea za kila rangi. Nikafungua moja, nikageuza mfuniko na kupitisha kidole upande wa ndani, taratibu, nikitafuta kitu ambacho kwenye mfuniko mpya hakiwezi kuwepo. Akaniuliza kama umepasuka. Nikamwambia hapana, ni mazoea tu. Mazoea ya nini, nitakusimulia wewe, maana yeye alikuwa na wateja wake.

Nilikulia Nyegezi kwa bibi mzaa mama, karibu kabisa na ziwa. Mama alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, enzi hizo viwanda vinafunguliwa kimoja baada ya kingine, basi tukahama Misungwi na kuacha shamba la pamba, mbuzi na rafiki zangu wote. Nilitoka huko na kitu kimoja tu: buibui. Usifikirie hawa wa kwenye kona za nyumba. Huyu alikuwa wa shimoni, mpana kama kiganja changu cha wakati ule, mwenye manyoya ya kahawia na mwendo wa mama mtu mzima anayetoka kanisani. Nilimchimbua pembeni mwa shamba siku tunafunga mizigo, nikamtia kwenye kopo na kulikumbatia njia nzima. Sikuwahi kumshika kwa mkono. Nilimpenda, lakini sikuwa mjinga. Nikimtazama, nililiona shamba letu.

Bibi alikuwa Mhaya wa Kagera, mtu wa rozari na usafi. Alipofunua lile kopo alirudi nyuma, akatafuta kigoda, akaketi.

"Waitu, na huyu ni nani?"

Nikasema ni wangu. Nilingoja aniambie nikamtupe. Akanitazama miguu, bado ina vumbi la Misungwi.

"Basi huyo mgeni wako akae nje, chini ya dirisha la jiko. Siku nikimkuta ndani, ni maji ya moto."

Akanipa chungu cha zamani kilichokuwa kinavuja. Nikatia udongo kidogo na kigae cha kujifichia, na juu nikafunga wavu wa dagaa. Pale Nyegezi kila kitu kilifunikwa kwa wavu wa dagaa: samaki juani, vifaranga, madirisha, hata mtungi wa maji. Hewa inapita, inzi hapiti. Nani angewaza vingine?

Jioni moja nilitoka shule nikamkuta buibui ananing'inia chali chini ya wavu, miguu miwili imenasa. Kila alipojivuta alizidi kujifunga. Nikalia kwa sauti. Bibi alitoka mbio na mapovu ya sabuni mikononi, akaona, akashindwa kusogea. Akamwita jirani yetu, mama wa Kisukuma aliyeshona nyavu za wavuvi. Yule mama alikuja na wembe wake, akakata uzi mmoja mmoja kwa utulivu kama anashona. Buibui akaanguka. Mguu mmoja ulibaki kwenye wavu.

"Mwanangu, wavu kazi yake kunasa," alisema. "Huyu ana kucha kama paka. Unamfunikaje na mtego? Na ongeza udongo, ufike karibu na mdomo. Akianguka toka mbali tumbo litapasuka."

Udongo niliongeza. Lakini nimfunike na nini? Ubao ungemnyima hewa, na kitambaa nacho kina nyuzi. Bibi akasema wazi kwamba pasipopatikana mfuniko kabla ya giza, mgeni anarudi porini, yeye hatalala na kitu kile wazi. Nikakaa chini kando ya chungu na kumwomba Mungu, kwa ajili ya buibui.

Ndipo nikasikia ndani kahawa zinamiminwa kwenye sinia. Bibi akatoka na mfuniko wa ndoo yake. Ndoo ile mama aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza, madukani vitu vilipoanza kujaa tena, na ndicho kilikuwa chombo chetu pekee kinachofunga sawasawa. Ndani zilikaa kahawa za kutafuna, na kwa bibi hakuna aliyeketi bila kukaribishwa kahawa kwanza.

Akatia msumari kwenye makaa, akaushika kwa kitambaa, akaanza kutoboa. Harufu ile ya plastiki inayoungua ninayo mpaka leo. Baada ya matundu machache akageuza mfuniko na kuupapasa kwa ndani. Plastiki ilikuwa imechomoza, ina ncha. Akazikwangua kwa wembe wa jirani, kisha akayatoboa yaliyobaki kuanzia ndani, ili ukali wote utokee nje.

"Pitisha kidole," akaniambia. "Kama wewe kinakukwaruza, na yeye kitamkwaruza."

Tuliufunga kwa mpira wa baiskeli. Buibui aliishi miaka, akajivua ngozi, na mguu ukaota tena, mwembamba kidogo. Nikitoka shule bibi alinipa habari bila kuulizwa: mgeni leo ameamka, mgeni leo hajala.

Kahawa zake sasa alizifunika kwa kisahani, na unyevu ukaziingia. Wageni wa Kagera walizitafuna polepole wakitazamana. Mmoja akasema, "Dada, kahawa zako zimelegea." Bibi akajibu, "Ziwa liko karibu," akamsogezea sinia. Wala hakugeuka kutazama dirishani.

Buibui alishakufa, chungu kilivunjika, na nyumba ile sasa ni ghala la mtu. Bibi amelala Kagera. Siku hizi mifuniko inaelea ufukweni na hakuna anayeinama kuiokota.

Jana nilipata mgeni, nikamkaribisha kahawa kutoka kwenye ndoo mpya. Alitafuna, akanisifu kwamba ni kavu, zinavunjika vizuri. Nikamshukuru. Kisha nikatia yangu mdomoni, ikavunjika, na nikatamani sana ingekuwa imelegea.