Mtaje, Tadhg

Dada yangu Nuala alikuwa hawezi tena kulia kwa sauti. Miaka mitano alimlilia mwanawe Fiachra jikoni, bomba likimwaga maji, maana mumewe Tadhg alishapiga marufuku: kijana aliyelikataa shamba akakimbilia Boston, jina lake lisitajwe ndani ya nyumba ile. Mkaidi yule! Punda ana afadhali.

Krismasi ya mwaka themanini na sita, Fiachra akanijia kwangu kimyakimya. "Mama mdogo, kesho jioni naruka kurudi Boston. Nitamwonaje mama?"

"Kwa mlango wa mbele. Kesho si Stefano?"

Siku ya Mtakatifu Stefano, kesho yake Krismasi, huku kwetu Mayo tunajivika mabua, na kofia ndefu za mabua zinazoficha uso, tunaingia nyumba hadi nyumba na ngoma, mdomo umefungwa. Baba mwenye nyumba hubahatisha. Akikutaja, unavua kofia, unapewa keki na wiski. Asipokutaja, unatoka ulivyoingia. Nikasema moyoni, kesho Tadhg atalitamka tu jina lile.

Kesho yake tukaingia wanne, pamoja na majirani wawili. Tadhg akachangamka. "Huyu Malachy, kitambi chake hicho! Huyu Dervla. Na wewe shemeji Attracta, hata ujifunike zizi zima, makalio hayo nayajua!"

Tukavua, tukicheka. Akabaki mmoja, anapiga ngoma kwa mkono wa kushoto. Ukoo mzima una mtu wa shoto mmoja tu. Nuala akaangusha sahani.

"Baba Fiachra," akasema. Miaka mitano hakumwita hivyo. "Mtaje."

"Simjui."

"Unamjua! Mtaje, jamani, nakupigia magoti!" Na akapiga magoti kweli, kwenye vigae vya baridi, na miguu yake ile mibovu.

Ngoma ikanyamaza. Midomo ya Tadhg ilikuwa inamcheza. Nikaomba, Mungu wangu, neno moja tu.

"Simjui huyo. Atoke."

Fiachra akamwinua mama yake, akamkumbatia, akatoka. Mikononi mwa Nuala yakabaki mabua.

Nilimtukana Tadhg matusi yote niyajuayo. Aliinama, akawa anaokota mabua sakafuni, moja moja. "Fiachra," akanong'ona.

Nuala akaufungua mlango wazi. "Mimi nimekusikia. Mwambie yeye."

Tadhg akatoka na soksi kwenye matope, akaliita jina lile mpaka sauti ikamkauka. Gari la Fiachra lilikuwa limeshavuka daraja.