Mbaazi Kwenye Tuta la Waridi

Mama alipokuja kukaa kwetu Mbagala baada ya kupasuliwa macho, nilimwekea kiti barazani ili apumzike akitazama waridi na asmini zangu. Akakifanya cha kuanikia khanga. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye jembe alilichukua mwenyewe siku ya pili, na alipolikuta butu akanisema mimi.

"Udongo mzuri hivi unalisha maua tu?" aliniuliza. "Maua yenyewe mnayala?"

Akapanda mchicha kati ya waridi, bamia kando ya asmini, na mchaichai kwenye kona ambayo mume wangu aliitenga kwa ua lake jekundu. Mume wangu akawa anamwamkia shikamoo huku jicho liko kwenye ua. Mimi sikujali. Hofu yangu ilikuwa moja tu: macho yakipona, mama atarudi kusini, kwenye nyumba isiyo na mtu tangu baba afariki. Kwa hiyo kila alichopanda nilikipima. Mchicha ulinitia wasiwasi, maana haukawii kukomaa. Bamia zilinipa nafuu kidogo. Usingizi wangu ukawa wa mang'amung'amu, na asubuhi kabla sijapiga mswaki nimeshatoka kuangalia kama kuna tuta jipya.

Kisha akaacha kuchuma mchicha. Ukarefuka, ukatoa mashuke mekundu juu ya waridi, nami kwa ujinga wa mtu wa mjini nikaupiga picha na kuwatumia dada zangu: mama ameanza kupenda maua. Dada mkubwa alinipigia papo hapo.

"Wee, anakomaza mbegu. Anataka kuondoka nazo."

Nilikwenda sokoni mbio, nikarudi na mbegu za mbaazi. Kwetu kusini mbaazi hukaa shambani muda mrefu, na anayezipanda ana nia ya kukaa. Nilimmwagia kiganjani bila maelezo. Alizitazama, kisha akanitazama mimi.

"Hizi atazisubiri nani?"

"Wewe, mama."

"Mie nina nyumba, mwanangu. Ikikaa bila moshi itaanguka."

Hasira zilinipanda. Nikanyakua jembe na kuanza kuchimba mwenyewe katikati ya waridi, mashimo ya ovyo ovyo, machozi yananitoka na wala sikuyafuta. Nikamwambia anaipenda nyumba kuliko anavyonipenda mimi. Alikunja khanga yake, akachuchumaa kando yangu, akaanza kufukia mashimo niliyoyabananisha.

"Zipe nafasi. Mbili mbili kila shimo. Usizizike chini sana."

Alisema kwa upole, kama alivyonifundisha kusonga ugali nilipokuwa mdogo. Nilifuata kila neno huku nikitamani nisielewe hata moja, maana nilijua ananifundisha ili aondoke.