Hukumu ya Akiror kwenye Meza ya Karata

Foleni ya malori mpakani Malaba, miaka ile ya tisini, ilikuwa shule ya subira, na sisi madereva tulikuwa wanafunzi watundu. Karatasi zetu zikikwama forodhani, tulienda kucheza karata kwa Akiror, mama wa Kiteso aliyetuuzia chai na mandazi. Dereva wa Mombasa alikuja na sheria zake, wa Kampala na zake, na kila mmoja aliapa kwamba za mwenzake ni za wezi. Ndipo tukaziandika kwa rangi ubaoni, tukadhani tumemaliza ugomvi. Wapi! Sasa tuligombania maandishi.

Mwamuzi akawa Akiror, kwa sababu hakucheza, na kwa sababu chai ilikuwa yake. Ubao ulisema, "Anayechelewa arukwe." Je, aliyekwenda kukojoa amechelewa? Akiror alifikiri huku akigeuza mandazi.

"Kukojoa si kuchelewa," akasema. "Kwenda kununua sigara, huko ndio kuchelewa."

Hakuna aliyekata rufaa. Kila kesi aliuliza kwanza sheria iliwekwa kumkinga nani.

Mumewe, Ikapel, alikuwa dereva mwenzetu na mcheshi wa meza ile. Kisha kiharusi kikamshika, kikamwachia mkono mmoja na kumnyang'anya maneno yote. Alijifungia ndani miezi mingi. Akiror aliniambia wazi kwamba hakuogopa mumewe kufa. "Naogopa amechoka kuwa mtu," alisema, akajifuta macho kwa leso.

Siku moja ya soko Ikapel akatoka mwenyewe, akavuta kiti mezani. Tulimshika kama yai. Ojiambo, Msamia wa lori la saruji, akamwachia mchezo wa kwanza waziwazi. Katika wa pili Collins, dereva mwingine wa meza ile, akajifanya haoni karata nzuri aliyokuwa nayo. Mimi nami nilidanganya, nikajiona mwema kweli kweli. Lakini Ikapel hakuwa mjinga, na kila ushindi wa bure ulizidi kumnyong'onyeza.

Mchezo wa tatu akabaki na karata moja. Ubao ulisema, "Aliyebaki na moja aseme kabla mwenzake hajacheza. Asiposema, aokote mbili." Ojiambo, aliyemfuata, akaweka yake. Ndipo Ikapel akagonga meza kwa kidole.

Ikapel akaelekeza kidole kwenye ubao, kisha akamtazama mkewe.

"Wachana na ubao, mzee," Ojiambo akasema. "Wewe maliza tu."

Ikapel akatikisa kichwa, kidole bado kikiwa ubaoni. Akiror akaliacha karai la mafuta motoni, akaja.

"Ojiambo, hii sheria tuliweka ya nini?"

"Ndio mtu asitushtukize, mama."

"Na alipogonga, ulijua ako na moja?"

"Nilijua."

"Basi kugonga ni kusema. Kwake na kwa kila mtu." Tukapiga makofi. Akainua mkono. "Sijamaliza. Aligonga kabla ucheze, ama baada?"

Ojiambo akanitazama, nami nikatazama chai yangu.

"Baada," akasema kwa sauti ndogo.

Akiror akamgeukia mumewe. "Baba Loise, umechelewa. Okota mbili."

Nilimkasirikia, nasema kweli. Mwanamke gani huyu, mume mwenyewe mgonjwa! Lakini Ikapel alikuwa ameshaokota. Alizipanga karata zake pajani, polepole, kwa mkono wake mzima, na mdomo wake ukapinda upande mmoja. Ilinichukua muda kutambua kwamba anacheka.

Collins, ambaye zamu ilikuwa yake, alikuwa bado ameduwaa. Ikapel akagonga meza tena, kwa nguvu, kwa hasira kabisa.

"Mnangoja nini?" Akiror akasema, machozi yakimtiririka mbele yetu wote. "Anasema mcheze. Na atakayemwachia tena, chai yangu hanywi."